Nilivyojifukuza kazi mwenyewe kwenye kompyuta ya shangazi

Shangazi ana steshenari Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba, na mimi ndo fundi wake asiye na mshahara, nalipwa chapati na chai ya tangawizi. Kompyuta ziko mbili, moja ya Windows ndo inaprinti, nyingine niliipiga Ubuntu, aina ya Linux inayokaa badala ya Windows, baada ya flashi za wanachuo kuijaza virusi mpaka ikawa inajizima yenyewe. Sasa kuhamisha kazi kutoka hii kwenda ile ni kwa flashi, unanyanyuka unakaa unanyanyuka siku nzima, nikasema basi naweka Samba zishee folda moja.

Shangazi kusikia Samba akaacha kukata karatasi. Yeye Mdigo, mumewe Msambaa wa Lushoto, utani haukauki mle ndani.

"Loo! Wasambaa wameshafika mpaka kwenye kompyuta?"

Nikamwambia sio hao shangazi, hii ni programu ya kufanya Linux na Windows zielewane, aliianza Mwaustralia mmoja miaka ya 90 huko.

"Mh. Kuelewana na Msambaa kunataka programu kweli."

Nikafungua smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, nikaandika folda, nikatengeneza grupu la watumiaji linaitwa duka, afu nikajiingiza kwa mbwembwe: sudo usermod -G duka na jina langu, hiyo sudo ndo inakupa mamlaka ya msimamizi. Hapo ndo penyewe. Ile amri bila -a haikuongezi kwenye grupu, inakutoa kwenye magrupu yako mengine yote ya ziada inakuachia hilo moja, na la sudo likiwemo, yaani mimi msimamizi wa mashine nimejivua cheo kwa mkono wangu na mashine haikusema hata pole. Mabadiliko hayashiki mpaka utoke uingie tena, nikatoka, nikaingia, folda ikafunguka kule Windows, nikajipigia makofi.

Kuja kurestati Samba, naandika sudo, naweka password, inanijibu kwa Kizungu simo kwenye faili la sudoers, orodha ya wanaoruhusiwa kutumia sudo, na tukio hili litaripotiwa. Na mimi bwege nikalisoma kwa sauti, tena kwa Kiswahili.

"Litaripotiwa wapi? TRA?"

Namweleza haiendi popote, inaandikwa humo humo kwenye auth.log, faili la kumbukumbu za mashine, haamini, anasema mtu hajiripoti kwake mwenyewe. Keshachomoa waya wa intaneti, kaifunika mashine na kanga, kafunga mlango nusu, na nje kuna kijana anasubiri kadi 100 za mchango wa harusi, kikao jioni ile ile, na faili lake liko chini ya kanga.

Root, yule mtumiaji mkuu, kwenye Ubuntu kafungiwa, hana password ya kuingilia, kwa hiyo su, amri ya kugeuka kuwa yeye, nayo haikunisaidia. Ikabidi niwashe upya huku nimebana Shift, ikaja menyu ya GRUB, ile ya kuwashia mashine, nikachagua recovery mode, afu root, nikaandika mount -o remount,rw / maana bila hiyo diski inasomeka tu haiandikiki, afu usermod -aG sudo, na hiyo -a niliikodolea macho mara tatu kabla sijabonyeza enta. Dakika tano tu, baada ya saa nzima ya jasho na dua.

Mchana mjomba kaja kula, hajakaa hata, shangazi anamshtakia: "Hilo Samba lenu limetaka kunifungia duka leo."

Mjomba akaitazama skrini, akavuta kiti.

"Hilo si letu. Sisi Wasambaa mwisho tuna a mbili. Hilo limepungua a moja."

Mimi nikainamia chapati yangu, wala sikumjibu mtu.