Mwalimu wa Muziki Asiyekukatiza Anakuibia

Mwalimu wangu wa kwanza wa fidla hakuwahi kunikatiza. Nilikuwa nafika kwake, nafungua kitabu, napiga wimbo kuanzia juu hadi chini, naye anagonga mguu sakafuni huku jicho moja likiwa kwenye simu. Nikimaliza: "Safi sana. Wiki ijayo ukurasa unaofuata." Natoka kifua mbele. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nimefika katikati ya kitabu, na siku wageni walipokuja nyumbani wakaomba niwapigie chochote, sikuwa na hata wimbo mmoja ninaoweza kuumaliza bila kujikwaa.

Nilimlaumu kwa muda mrefu. Siku hizi najilaumu na mimi, maana nilizipenda zile "safi sana".

Mwalimu niliye naye sasa, mama mtu mzima anayefundishia sebuleni kwake, alinisimamisha kwenye noti ya tano. Siku ya kwanza! "Hapo, mwanangu. Rudia hizo mbili tu." Tatizo lilikuwa kidole cha nne, yaani kile kidogo, kwenye uzi wa A. Shingo ya fidla haina vigawanyo kama ya gitaa. Kidole kikisogea kidogo tu, noti imeshaharibika. Nilitarajia aniambie "juu kidogo, chini kidogo". Badala yake akaniambia nisimsikilize yeye, nisikilize uzi wa jirani. Kidole cha nne kwenye uzi wa A kinatoa noti ileile ya uzi wa E usioshikwa na kidole, na kikitua mahali pake hasa, uzi wa E unatetema wenyewe bila kuguswa na upinde. Unauona kwa macho. Sauti nzima inafunguka. Kidole kikikosea, ule uzi unakaa kimya kama umenuna.

Nusu saa nzima iliishia kwenye noti mbili. Nilirudi nyumbani nimeudhika, nikipiga hesabu kila noti imenigharimu kiasi gani. Lakini Jumatano usiku, peke yangu chumbani, nilikuwa na hakimu. Hapo ndipo nilipoelewa ninalipia nini. Wiki ina saa 168, na mwalimu anapata moja, pengine nusu. Asipokupa njia ya kulisikia kosa mwenyewe, utalifanyia mazoezi kosa hilohilo siku sita mpaka vidole vilizoee, kisha siku ya saba umlipe alitoe.

Piano inadanganya zaidi. Ukibonyeza mahali sahihi, noti inatoka sahihi, kwa hiyo uchafu unajificha kwingine: kwenye mpangilio wa vidole, kwenye kifundo cha mkono kilichokakamaa, na hasa kwenye pedali ya kulia. Ukiikanyaga, nyuzi zote zinaachwa ziendelee kulia, na fujo yako inageuka kuwa ukungu mtamu masikioni. Ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Mpwa wangu anajifunza piano, na mwalimu wake alimkataza pedali kabisa mwanzoni. Wimbo mpya humwanzisha mwishoni: kipande cha mwisho kwanza, kisha kinachokitangulia, hivyo hivyo hadi mwanzo. Niliona ni kichekesho mpaka nilipomsikia mtoto akipiga. Kadiri anavyosonga mbele ndivyo anavyoingia sehemu anazozijua zaidi. Wengi wetu tunaanza vizuri tukiishia kuparamia.

Mwalimu wa kujitegemea hana mkuu wa shule wala mtaala wa kumbana. Huo ndio uhuru unaomwezesha kukaa na noti mbili nusu saa. Ndio pia unaomwezesha yule mwingine kukaa na simu. Kwa hiyo kabla hujalipa mwezi mzima, omba kipindi kimoja cha majaribio, na mwishoni muulize: "Nikifika nyumbani, dakika kumi za kwanza nifanye nini?" Akikujibu "fanya mazoezi sana", shukuru uage. Kama ni mtoto, kaa naye darasani. Shinichi Suzuki, Mjapani aliyefundisha fidla watoto wadogo sana, alitaka mzazi awepo kwenye somo ili aweze kumsaidia mtoto nyumbani, na katika hilo namuunga mkono mia kwa mia. Mwalimu akisema mzazi atamvuruga mtoto, mimi ningeuliza maswali zaidi.

(Na fidla isinunuliwe kubwa ili mtoto aikulie, kama shati. Kuna za robo, za nusu, za robo tatu. Mwalimu ampime mkono kwanza.)

Vyeti je? ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, imekuwapo tangu 1889, ina madaraja yanayopanda hadi la 8, na mtihani unampa mvivu kama mimi tarehe ya kuiogopa. Ninachokichukia ni mwaka mzima kuliwa na nyimbo tatu za mtihani, mtoto akipewa wimbo wa nne anatoa macho.

Sisi wanafunzi nasi tuna yetu. Kumtumia mwalimu ujumbe asubuhi kwamba jioni huji, kisha kudai usilipe, ni kumla mtu jasho lake. Ile saa alikuwekea wewe, hawezi kumuuzia mwingine tena. Na kwenda bila kugusa fidla wiki nzima, ukategemea yeye ndiye akufanyishe mazoezi, ni ghali mno.

Kitabu changu cha kwanza bado ninacho. Mwalimu amenirudisha ukurasa wa 9, kwenye wimbo niliopewa "safi sana" zamani hizo. Sasa una alama tatu za penseli. Wiki hii nashughulikia ya pili.