Magwanda na Ikulu: vita viliwafundisha nini marais wa Marekani?

Tangu Eisenhower alipoapishwa Januari 1953 hadi Bush mkubwa alipofungasha virago Januari 1993, kila rais wa Marekani alikuwa amewahi kuvaa magwanda ya jeshi. Miaka 40, marais wanane. Wapo wanaosema hilo ndilo lililowapa busara: aliyewahi kuona maiti za wenzake hana haraka ya kupeleka watoto wa watu vitani. Hoja tamu, ila ukiwapima mmoja mmoja inaanza kuchechemea.

Kennedy ndiye hutajwa kwanza. Usiku wa kuamkia 2 Agosti 1943, huko visiwa vya Solomon, manowari ya Japani iliikata vipande viwili boti yake ya torpido, PT-109. Mabaharia wawili walikufa. Luteni Kennedy, ambaye mgongo ulikuwa ukimsumbua hata kabla ya hapo, aliogelea kwa saa kadhaa akimkokota mwenzake aliyeungua, mkanda wa jaketi la mwenzake kaung'ata kwa meno. Ujumbe wa kuomba msaada aliuchonga kwenye kifuu cha nazi, wakaupeleka vijana wawili wa visiwani, Biuku Gasa na Eroni Kumana. Kifuu hicho kilikuja kukaa juu ya meza yake Ikulu.

Oktoba 1962 wakuu wa majeshi walimtaka ayashambulie makombora ya Kisovieti yaliyokuwa Cuba. Alikataa, akaizingira Cuba kwa meli. Basi watu huunganisha moja kwa moja: kifuu kile kilimfunza. Lakini katikati hapo kuna Aprili 1961. Kennedy huyohuyo, na medali zake, aliidhinisha mpango wa CIA, shirika la kijasusi la Marekani, wa kuwateremsha wakimbizi wa Cuba wapatao 1,400 kwenye Ghuba ya Nguruwe nchini Cuba ili wampindue Fidel Castro, na ndani ya siku tatu ulikuwa umekwisha vibaya. Naamini aibu ile ndiyo iliyomfundisha kuwauliza maswali wenye nyota mabegani. Bahari ya Solomon ilimfundisha kuvumilia, na hilo ni somo jingine.

Eisenhower, au Ike kama alivyoitwa, jenerali aliyeongoza majeshi ya Washirika Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia, ni habari tofauti. Mwaka 1918, katika Vita vya Kwanza, alibaki Gettysburg, Marekani, akifunza askari wa vifaru. Mstari wa mbele wa Ufaransa hakuufikia. Alichokijua ni jeshi kutoka jikoni: jinsi bajeti inavyoombwa na jinsi hatari inavyokuzwa. Ndiyo maana mwaka 1954 aliweza kukataa kuwaokoa Wafaransa waliozingirwa kule Dien Bien Phu, Vietnam, na Januari 1961, akiaga, akaonya juu ya ushirika wa majeshi na viwanda vya silaha. Nani angethubutu kumwambia Ike hajui vita? (Ila vya gizani hakuvikataa: serikali za Iran, 1953, na Guatemala, 1954, ziliangushwa kwa mkono wa CIA yeye akiwa rais.)

Bush mkubwa alitunguliwa baharini akiwa na miaka 20, wenzake wawili ndegeni wakafa. Mwaka 1991 alisimamisha vita vya ardhini dhidi ya Iraq baada ya saa 100, bila kwenda Baghdad. Hapo unaweza kuliona kovu. Lakini Desemba 1989 alikuwa ameivamia Panama. Na Johnson, aliyepewa medali kwa safari moja tu ya ndege mwaka 1942, medali ambayo ina ubishi hadi leo, ndiye aliyefikisha askari zaidi ya 500,000 Vietnam.

Kwa hiyo faida ninayoikubali ni moja na ni ndogo: aliyeishi jeshini hababaishwi na sare. Truman, kapteni wa mizinga wa mwaka 1918, alimfukuza kazi Jenerali MacArthur, kamanda wa vita vya Korea, mwaka 1951. Tatizo ni kwamba hata faida hiyo hupatikana kwa njia nyingine. Lincoln alikuwa mgambo kwa karibu miezi mitatu mwaka 1832, na mwenyewe alitania kwamba damu aliyomwaga ilinyonywa na mbu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomkuta Ikulu, aliazima vitabu vya mbinu za kivita kutoka Maktaba ya Bunge, akasoma. Novemba 1862 akamwondoa Jenerali McClellan, kamanda wa jeshi lake kuu.