Sokwe hana mkia, adhabu ni mistari hamsini

Jumamosi nilipita kwa dada yangu pale Ngamiani, Tanga, nikamkuta binti yake wa kidato cha pili kajiinamia barazani, anaandika. Hata shikamoo aliitoa bila kuinua kichwa. Nikachungulia daftari: sentensi moja ya Kiingereza, inarudiwa mara hamsini, kwamba hatasema tena Kiswahili darasani. Kosa lake? Kwenye kipindi cha baiolojia alimnong'oneza mwenzake: "Kwani hawa wasio na mkia ndio sokwe?"

Ndio, mwanangu, hao ndio sokwe. Umepatia. Sasa kaandike mara hamsini kwamba umekosa.

Eti Kiswahili hakibebi sayansi. Wimbo huu nimeusikia tangu nina umri wa huyu mtoto, na kila ukiimbwa mimi nafikiria Gombe, ule msitu wa sokwe kando ya Ziwa Tanganyika.

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika pale Julai 1960, na habari ya mchwa kila mtu anaijua: sokwe kachuma unyasi, kauchomeka kwenye kichuguu, kautoa umejaa mchwa, kala. Wataalamu waliokuwa wakitamba kwamba binadamu peke yake ndiye mwenye zana ikabidi watafute maneno mengine. (Na kabla hamjaja juu: hakuna aliyesema babu yako alikuwa sokwe. Wamesema mna babu mmoja, wa mbali sana.)

Kinachosahaulika ni Mei 1975. Waasi kutoka Zaire walivuka ziwa usiku wakateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wageni wakaondolewa. Nani alibaki na sokwe? Watanzania, wale wanaoitwa "wasaidizi". Waliwahi kiotani kabla sokwe hajaamka, wakamfuata milimani mchana kutwa hadi alipolala tena, wakiandika: kala nini, kamchambua nani manyoya, kagombana na nani, saa ngapi. Na waliandika kwa Kiswahili. Madaftari yao yamevuka bahari hadi vyuo vikuu vya Marekani, na huko ikabidi watafutwe watu wa kuyatafsiri. Yaani mzungu alihangaikia Kiswahili ili apate sayansi, na huku Tanga mtoto anaandikishwa mistari kwa neno "sokwe".

Halafu wasaidizi wa nini? Januari 7, 1974, sokwe wa kundi la Kasakela hapohapo Gombe walipomvamia Godi, sokwe wa kundi jirani lililoitwa Kahama, mwanzo wa vita vilivyodumu miaka minne, aliyekuwepo akiangalia ni Hilali Matama. Dunia nzima ilikuwa ikiamini kwamba vita ni laana yetu sisi binadamu tu. Ukimuuliza mwanafunzi wa Tanga jina la Matama atakutumbulia macho. Afadhali basi hata hayo mengine tungeyafundisha sawasawa: fuvu la zamadamu la Olduvai la 1959 aliliona Mary Leakey, mumewe kalala kambini na homa, lakini madaftari ya historia bado yanampongeza mume.

Bibi yetu wa Muheza hakukanyaga shule. Alikuwa akiingia kwenye mahindi asubuhi, anaokota gunzi, analigeuza, anakwambia nani kaja jana. Huyu tumbili, kamega kidogo katupa. Hawa nyani, wamevunja bua zima, tena walikuja wengi. Kima hakumsingizia bila ushahidi. Mbega alimtetea waziwazi: huyo anakula majani yake huko juu, muacheni. Na komba akilia usiku kama mtoto mchanga, alitufunika shuka akatwambia tulale, si jini. Majina matano, tabia tano, bila kamusi. Kumtazama mnyama, kumtofautisha na mwenzake, kukumbuka alichofanya: kuna utafiti gani wa porini unaoanza kwingine?

Haya, nakubali, ripoti zenyewe hatimaye hutoka kwa Kiingereza, na bila hicho Kiingereza mtoto hapati kazi ya maana. Afundishwe basi, tena afundishwe vizuri kuliko anavyofundishwa sasa. Lakini ile hamu ya kuuliza ilimjia kwa Kiswahili, ikapigwa palepale ilipochungulia.

Nilipoaga alikuwa kafika mstari wa thelathini na moja.

"Mjomba, na mbega ana mkia?"

Mrefu, nikamwambia, na ncha yake nyeupe. Kisha nikavuta mkeka, nikamwandikia mistari tisa. Mwandiko wangu mbaya. Mwalimu atajua tu.