Afya ya jamii kama digrii ya kwanza: isome, ila angalia kada kwanza

Juzi binamu yangu aliyemaliza form six PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kanipigia, pointi zake ni nzuri tu ila kwa udaktari ushindani umemzidi, sasa anauliza akasome afya ya jamii au atakuwa amepoteza miaka yake bure. Naona ni swali la wengi kipindi hiki cha kuomba vyuo, na mimi hiyo njia nimeipita, kwa hiyo ngoja nimjibu kwa urefu.

Mtaani ukisema afya ya jamii watu wanawaza bwana afya wa kukagua vyoo basi. Sasa chukua mfano huu. Kuna msiba, watu 160 wamekula, kesho yake 56 wanaharisha. Zahanati inawawekea dripu, sawa, lakini mtu aliyesoma epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa, anashika daftari anauliza kila mtu ulikula nini, hata wasioumwa anawauliza, tena hao ndio muhimu zaidi. Anakuta waliokula kachumbari ni 80 wakaugua 48, wasioigusa kabisa nao 80 wakaugua 8. Asilimia 60 kwa 10. Hajamtibu hata mmoja, ila sasa anajua aende akaulize ile kachumbari ilioshwa kwa maji gani, na kisima cha maji hayo kikishughulikiwa msiba unaofuata watu wanakula salama. Mimi hesabu hii nilipoielewa mwaka wa kwanza sikulala, nilikuwa naona mtaa wetu wote upya.

Na sio mambo ya darasani tu. Kagera hapa Tanzania, 2023, ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipoingia waliougua walikuwa 9 wakafa 6, ugonjwa hauna dawa yake maalum, kilichouzima ni kutafuta watu waliogusana na wagonjwa, zaidi ya 200, na kuwafuatilia kila mmoja siku 21 kuona kama joto linapanda. Juni 2 mwaka huohuo ukatangazwa umeisha. Madaktari na manesi walifanya kazi kubwa sana na wengine waliambukizwa, ila bila ule ufuatiliaji wa nyumba kwa nyumba wodi zisingetosha.

Sasa upande wa pili, na hapa sitaki kumficha mdogo wangu kitu. Digrii hii inagusa kila kitu, takwimu kidogo, lishe kidogo, sera kidogo, mazingira, elimu ya afya, ukimaliza unajua mengi lakini mwajiri anauliza wewe mikono yako inafanya nini? Nesi ana jibu, mtu wa maabara ana jibu. Halafu nafasi za juu kwenye miradi wanapenda daktari mwenye masters ya afya ya jamii, wewe wa digrii ya kwanza unaandika ripoti anasaini yeye. Wengi wetu tuliishia kwenye mashirika, kwenye data na ufuatiliaji wa miradi, na hela ilikuwepo kweli, mpaka Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada. Nina wenzangu wawili waliokuwa mradi mmoja wa VVU, ndani ya wiki wakaambiwa wabaki nyumbani. Nesi waliyekuwa naye ofisi moja alipata kazi hospitali binafsi, wao leseni ya kutibu hawana, waende wapi?

Kwa hiyo mimi nadhani watu wanabishana kuhusu kozi wakati tatizo kubwa ni jina lililoandikwa kwenye cheti. Serikali inaajiri kwa kada, yaani aina ya kazi yenye jina lake rasmi. Afisa afya mazingira ni kada inayojulikana, ina baraza lake na sheria ya mwaka 2007 ya kuwasajili, halmashauri zinawahitaji. Pale MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, kwa mfano kuna digrii ya kwanza ya sayansi ya afya ya mazingira, afya ya jamii yenyewe (MPH) ndio inasomwa ngazi ya masters. Lakini vipo vyuo hapa na nje vinatoa digrii ya kwanza ya afya ya jamii tu, masomo yanafanana nusu nzima, ila tangazo la ajira likitoka limeandika afya mazingira wewe na cheti chako unaachwa nje, na inauma sana kuachwa kwa neno moja baada ya kusoma kwa mkopo wa bodi miaka yote hiyo.

Wapo wanaosema basi ifutwe ibaki masters tu, asome mtu aliyeshatibu wagonjwa. Sikubaliani nao. Aliyeanzia wodini mara nyingi anaanza kufikiria mgonjwa akishafika, aliyeanzia huku anafikiria ndoo ya kunawia ya mama lishe kabla hajaugua mtu, na kichwa kama hicho kinajengwa vizuri ukiwa na miaka 20.

Binamu nimemwambia kabla ya kujaza fomu atafute matangazo ya ajira za afya ya miaka mitatu iliyopita, asome mstari wa sifa za mwombaji, aulinganishe na jina la kozi herufi kwa herufi, aulize na baraza kama wanasajili wahitimu wa chuo hicho. Jana kanitumia picha ya ukurasa wa daftari, kozi nne kaziandika, mbili tayari kazikata.