Dodoma, nani anakaa na mbakaji?

Mwenzangu kazini hapa Tacoma, jimbo la Washington, ana shahada ya uzamili na leseni ya unasihi, lakini bado haruhusiwi kumtibu mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la kujamiiana bila msimamizi. Juzi alinilalamikia fomu za kujaza saa zake. Nilimsikiliza kwa wivu.

Jimbo hili lina cheti maalumu cha kazi hiyo tangu sheria ya 1990. Kwanza uwe na leseni ya fani ya afya, kisha ukusanye saa 2,000 za tathmini na tiba. Kabla ya hapo wewe ni mwanagenzi. Mwananchi yeyote anaweza kuingiza jina lako kwenye tovuti ya idara ya afya akaona kama leseni yako iko hai na kama umewahi kuadhibiwa. Ukali huu una sababu. Mkosaji wa aina hii anajua kulia, kutubu na kunukuu maandiko. Mnasihi asiyefundwa humwamini, anaandika ripoti nzuri, na hakimu anaitegemea ripoti hiyo. Anayelipia ni mtoto.

Sasa tuje kwetu. Watu wa Chang'ombe na Nkuhungu mnajua jinsi mambo yanavyomalizwa: kikao, mbuzi, "tusiaibishe ukoo", halafu anaitwa mtu mwenye cheti cha semina ya siku chache aje "kumshauri" mjomba. Nani amewahi kumuuliza saa zake? Simsemi afisa ustawi wa jamii. Yule namheshimu, anabeba kata zaidi ya anavyoweza.

Najua mtakachosema. "Huyu amepanda ndege, sasa anataka wabakaji wabembelezwe." Hapana! Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inasema mbakaji afungwe miaka isiyopungua 30, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini isomeni mpaka mwisho. Mvulana wa miaka 18 au chini, kwa kosa la kwanza, Kanuni ya Adhabu inampa viboko tu. Akishachapwa anarudi mtaa uleule, pengine nyumba ileile aliyomo binti aliyemuumiza. Nani anakaa naye kumtibu? Mchungaji? Bibi yake? Viboko havimfundishi kijana kwa nini alifanya wala jinsi ya kujizuia mara ya pili. Hiyo ni kazi ya kitaalamu, miezi kwa miezi, na anayeifanya lazima naye achunguzwe.

Wengine mtaniambia hayo ni ya nchi tajiri. Jamani, Dodoma! Hospitali ya akili ya Mirembe ipo tangu 1927. Isanga, taasisi ya wahalifu wenye matatizo ya akili, ipo, na mahakama hupeleka watu huko. UDOM iko kilimani hapo, inafundisha saikolojia. Ninajivunia mji wangu, nawaambia hata hawa wa huku kwamba tuna hospitali ya taifa ya akili na chuo kikuu ndani ya mji mmoja. Ndiyo maana nakasirika. Saa za usimamizi hazihitaji jengo jipya wala mfadhili. Chukueni wanasaikolojia watatu wenye shahada, Mirembe iwasimamie na kuhesabu saa zao, wakishakamilisha majina yao yabandikwe kwenye mbao za matangazo za mahakama zote, kuanzia mjini hadi Mpwapwa na Kongwa, na hakimu asipokee ripoti ya mtu ambaye jina lake halimo.