Edo walificha kilio kwa maradhi

Katika hekalu la Gotokuji, Tokyo, kuna kaburi lenye tarehe ya uongo. Wageni wengi hawaendi pale kwa ajili ya kaburi, wanaendea paka. Ni yule paka mweupe mwenye mkono juu ambaye hata sisi tunamwona kwenye kaunta za maduka, akipunga kutwa kucha bila kuchoka. Hekalu hili ni mojawapo ya sehemu zinazodai kuwa ndiko alikoanzia. Ukishawapita paka, unafika kwenye makaburi ya ukoo wa Ii, na hapo lipo kaburi la Ii Naosuke, aliyekuwa mkuu wa washauri wa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Jiwe lake linasema, kwa kalenda ya kale ya Japani, alifariki siku ya 28 ya mwezi wa tatu wa nyongeza, mwaka wa kwanza wa zama za Man'en. Kwa kalenda yetu ni katikati ya Mei 1860. Siku hiyo alikuwa ametimiza karibu miezi miwili tangu akatwe kichwa. Hata hilo jina la Man'en halikuwapo alipouawa, lilitangazwa wiki mbili baadaye.

Aliuawa tarehe 24 Machi 1860, yapata saa tatu asubuhi. Ilikuwa sikukuu ya wanasesere, siku ambayo mabwana wa majimbo waliingia ngomeni Edo, ndiyo Tokyo ya leo, kumpa shogun heshima zake. Theluji ilikuwa inaanguka kwa wingi, nje ya msimu wake. Kutoka jumba la Ii hadi lango la Sakurada hapafiki hata nusu kilomita, na msafara wake ulikuwa na watu wapatao 60. Walinzi walikuwa wamejifunika makoti ya mvua, na panga zao wamezivisha mifuko zisiharibiwe na theluji. Pembeni mwa njia walisimama watu wakiwa na vijitabu vya nembo za mabwana, kama watazamaji wa misafara walivyozoea kufanya. Mmoja akasogea mbele ya msafara kana kwamba ana barua ya malalamiko. Bastola ikalia, risasi ikampata Ii ndani ya machela. Walinzi walipokuwa wakihangaika na kamba za mifuko, mambo yalikuwa yamekwisha. Washambuliaji walikuwa 18: 17 wa jimbo la Mito na mmoja wa jimbo la Satsuma, Arimura Jizaemon, ambaye ndiye aliyeondoka na kichwa. Naye hakufika mbali. Alikuwa amekatwa vibaya kwa nyuma, akajiua njiani.

Simlilii sana Ii. Mtoto wa kumi na nne wa bwana wa jimbo la Hikone, mtu aliyemaliza ujana wake katika nyumba ndogo akisoma na kupika chai kwa kanuni zake, alipopata ukuu wa washauri wa shogun mwaka 1858 alitawala kwa mkono wa chuma. Mkataba wa biashara na Marekani ulitiwa saini mwaka huo bila idhini ya mfalme mkuu aliyekuwa Kyoto. Waliopinga walisombwa: zaidi ya watu 100 waliadhibiwa, wanane wakauawa, mwalimu Yoshida Shoin akiwamo. Bwana mzee wa Mito, Tokugawa Nariaki, alifungiwa nyumbani. Kisasi kilikuwa kinanukia toka mbali.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuishia kwenye theluji iliyolowa damu, kisha wanasema panga zile 18 ndizo zilizoupasua utawala wa Tokugawa, ukoo wa mashogun. Mimi sikubaliani nao. Bwana mkubwa anaweza kuuawa na serikali yake ikabaki imesimama. Jambo la kutazama ni yaliyofanyika kuanzia mchana wa siku ile.

Mchana ule ukoo wa Ii ulipeleka taarifa serikalini kwa jina la Naosuke mwenyewe: nimeshambuliwa, nimejeruhiwa, nimerudi nyumbani. Maiti iliandika barua. Kichwa kilikuwa kimebaki kwenye nyumba ya bwana mwingine karibu na pale Arimura alipoangukia; watu wa Hikone wakaenda kukiomba wakisema ni cha mtumishi wao tu, wakarudi nacho, na mganga akakishona kwenye kiwiliwili. Shogun naye akatuma zawadi za kumjulia hali mgonjwa, ikiwamo mizizi ya ginseng, dawa ya bei mbaya.

Wahenga wetu walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Edo waliugeuza msemo: kilio wakakificha kwa maradhi. Na mji wote ulikuwa unajua, maana mauaji yalifanyika mchana kweupe mbele ya watazamaji. Vikaanza kupita vishairi vya kejeli. Kimoja kilisema ginseng ile imeletwa kuunganishia kichwa. Kingine kilimsifu mgonjwa kwa kubana matumizi, eti hata mto hauhitaji. Hapo ndipo ninapoona ufa. Utawala ule ulikuwa umekaa zaidi ya miaka 250 kwa kuogopwa, na sasa muuza samaki anaucheka.

Najua utetezi wake, na si wa kipuuzi. Bwana akifa kabla mrithi hajaidhinishwa, nyumba yake ingeweza kufutwa na maelfu ya watu wakakosa pa kula. Samurai wa Hikone nao walikuwa wanataka kwenda kuvamia jumba la Mito siku hiyo hiyo. Mito ni tawi la ukoo wa Tokugawa wenyewe, Hikone ni nguzo yao ya tangu mwanzo. Zikipigana hizo mbili, Edo inaungua. Kwa hiyo uongo ule ulinunua muda, mtoto wa Ii akarithi, vita havikutokea. Kama ningekuwa mshauri mle ngomeni siku ile, huenda nami ningeutia muhuri. Ila aliyenunua muda kwa heshima yake ajue anatumia mtaji, na mtaji ule haukurudi. Mwaka 1868 Hikone hao hao walisimama upande wa jeshi la mfalme mkuu dhidi ya Tokugawa.

Kuhusu mkataba wenyewe, panga hazikuugusa. Ujumbe aliokuwa ameutuma Marekani ulikuwa baharini alipouawa. Pande mbili zilipeana hati za kuuidhinisha mkataba huko Washington mwezi Mei, mwezi ule ule ambao kwao nyumbani aliruhusiwa kufa.

Ninachoshindwa kukimeza ni habari ya walinzi. Wanane kati yao walikufa, wengine papo hapo, wengine kwa majeraha. Waliobaki walikaa wakisubiri, na mwaka 1862 hukumu ya Hikone ikatoka. Waliokuwa na majeraha makubwa walihamishwa mbali na kushushwa hadhi. Wenye majeraha madogo waliamriwa kujipasua tumbo. Wasio na hata mkwaruzo walikatwa vichwa, kwa kosa la kushindwa kumlinda bwana ambaye, kwa mujibu wa karatasi, alifia kitandani kwake.