Siku Moja Veracruz: Lipia Muda wa Mwongozaji, Usilipie Idadi ya Vituo

Ziara yangu ya kwanza ya Veracruz, mji wa bandari wa Meksiko, niliuziwa siku ya Jumatatu. Wakala niliyempata mtandaoni alinitumia ratiba nzuri yenye vituo saba kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kituo cha kwanza kilikuwa ngome ya San Juan de Ulúa, ambayo ndiyo hasa iliyonitoa Houston. Hakunieleza kwamba ngome hiyo hufungwa kila Jumatatu, kama yalivyo makumbusho mengi ya Meksiko. Niligundua mwenyewe Jumapili usiku, nikiwa nimelala hotelini nasoma simu, na nilipomwandikia akanijibu kwamba tungeweza kuitazama ngome kwa nje, tukiwa ng'ambo ya maji, na kwamba picha hutoka vizuri zaidi kutoka upande huo. Niliivunja ziara, nikapoteza nusu ya fedha zangu, na Jumanne nikatoka na mtu mwingine niliyetafutiwa na mhudumu wa mapokezi.

Nalieleza tukio hilo kwa sababu linaonyesha jambo ambalo ziara nyingi za siku moja hulificha. Tunauziwa vituo. Tukiona saba tunadhani tumepata zaidi kuliko aliyeandikiwa vitatu, na muuzaji, akijua hivyo, huongeza cha nane, ambacho mara nyingi huwa duka la sigara au la vanila ya Papantla. Maoni yangu ni kwamba mtu anayelipa bei ya mwongozaji wa peke yake, ambayo Veracruz ilinigharimu sawa na malazi ya siku mbili, analipia muda wa mtu anayejua, na asipoutumia muda huo kuuliza na kukaa, ni afadhali apande basi la watalii pamoja na wenzake arobaini na kwa fedha zake ale samaki.

Niseme pia kwamba suala hili silitazami kwa macho ya mgeni mtupu. Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na utoto wangu nimeupitisha Ngomeni, nje ya lango la Fort Jesus, nikiwasikiliza waongozaji wakirudia hadithi ileile mara sita kwa siku, kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano, wakichekea mahali palepale. Baadhi yao walikuwa jirani zetu. Nyumbani, barazani, watu walewale walikuwa na mambo ya kusimulia kuhusu ngome ile ambayo mtalii hakuyasikia hata siku moja, kwa kuwa hakuna aliyewauliza.

Mwongozaji wangu wa Jumanne alikuwa mtu wa makamo aliyevaa shati la guayabera, jeupe lililopigwa pasi, na kifuani alining'iniza kitambulisho cha Wizara ya Utalii ya serikali kuu, ambacho kila mwongozaji rasmi nchini Meksiko anatakiwa kuwa nacho. Akiniita aliniita “joven”, yaani kijana, ingawa mvi zangu hazijifichi. Nilikuja kutambua kwamba ndivyo wanavyomwita karibu kila mwanamume wanayemhudumia. Kihispania changu ni cha kuombea maji na kuulizia njia, kwa hiyo tulizungumza Kiingereza, naye akirudi katika Kihispania kila alipochangamka.

Ngome ya San Juan de Ulúa ilikuwa juu ya kisiwa kidogo mbele ya mji, lakini bandari imekuwa ikijazia bahari hadi kisiwa kimeungana na bara, na leo unaifikia kwa gari, ukipita kati ya winchi na makontena. Ujenzi wake ulianza mwaka 1535. Jambo la kwanza lililonisimamisha lilikuwa ukuta wenyewe, ambao si wa mawe ya mlimani bali ni wa matumbawe, na wao huyaita “piedra múcara”. Nilisogea karibu nikaona vijishimo, mistari ya mawe-bahari iliyojikunja kama ubongo, na vipande vya kombe vilivyonaswa katika chokaa. Nilipitisha kiganja juu yake. Ukuta wa nyumba ya bibi yangu una ukwaruzo uleule.

Nilimweleza hivyo mwongozaji wangu, naye badala ya kutabasamu kwa adabu na kuendelea na safari, aliuliza ngome yetu ilijengwa lini. Nikamwambia ilianza mwaka 1593. Alisimama akahesabu kwa vidole, kisha akasema kwamba mwaka 1590 mhandisi Mwitaliano, Battista Antonelli, alichora mipango ya kuiimarisha Ulúa kwa amri ya Mfalme Felipe wa Pili. Nami nilijua kwamba ya kwetu ilichorwa na Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati, na kwamba mfalme wa Ureno aliyeiamuru alikuwa Felipe huyohuyo, kwani tangu mwaka 1580 mataji mawili ya Hispania na Ureno yalikuwa juu ya kichwa kimoja. Mfalme mmoja, wahandisi wa nchi moja, miaka mitatu tu kati yao, na matumbawe kwa matumbawe, pande mbili za dunia. Nimepita mbele ya Fort Jesus maisha yangu yote na sikuwahi kuiwaza hivyo. Hilo halikuwemo katika ratiba ya mtu yeyote, na katika kundi la watu arobaini lisingepata nafasi ya kusemwa.

Hata hivyo, nisimpambe mno. Saa ya kwanza aliitumia kunisomea hotuba yake kwa moyo, nami niliitambua mara moja, kwa kuwa hotuba za waongozaji zina mwendo mmoja popote uendapo: tarehe, mzaha, tarehe, picha. Hernán Cortés, Mhispania aliyeiteka Meksiko, kushuka pwani hii mwaka 1519. Maharamia Waingereza John Hawkins na Francis Drake kupigwa hapa mwaka 1568. Ngome kuwa kituo cha mwisho cha jeshi la Hispania, lililoondoka mwaka 1825, miaka minne baada ya nchi kupata uhuru. Wafaransa mwaka 1838, katika vita vilivyopewa jina la maandazi kwa sababu ya madai ya fidia ya mwoka mikate mmoja. Wamarekani mwaka 1847, kisha tena mwaka 1914. Yote ni kweli na yote yamo vitabuni.

Tukafika kwenye ukuta wenye pete kubwa za chuma, ambako merikebu zilifungwa. Alieleza kwa kirefu jinsi fedha ya migodi ya Meksiko ilivyopakiwa hapo kwenda Hispania. Nikamwuliza: na merikebu hizo, zilipokuja, zilikuwa zikishusha nini?

Alikaa kimya kidogo. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa guayabera, akasema: “Watu, joven. Zilishusha watu.”

Kuanzia hapo sikumsikia tena mwenye hotuba. Alinieleza kwamba Waafrika wapatao 200,000 waliletwa Hispania Mpya, kama Meksiko ilivyoitwa wakati wa ukoloni, na kwamba wengi wao waliingilia bandari hii. Kwamba kati ya mwaka 1595 na 1640, Wareno walipokuwa na mkataba wa kuwaleta, sehemu kubwa walitoka Angola kupitia Luanda, yaani watu wa lugha za Kibantu. Na kwamba watumwa wa mfalme ndio waliobeba mengi ya mawe tuliyokuwa tumeyakanyaga. Nilipomwuliza kwa nini hayo hayamo katika maelezo yake ya kawaida, hakujitetea. Alisema wakala hawayaandiki katika ratiba, na wageni hawayaulizi, wanauliza maharamia. Kwa hiyo akawapa maharamia. Sikupata la kumjibu, maana jirani zetu wa Ngomeni wangesema hivyohivyo.

Tulikaa ngomeni saa tatu badala ya moja. Katika vyumba vya gereza, kimoja kikiitwa Jehanamu, kingine Toharani, kingine Utukufu, maji ya mvua yaliyochuja chokaa ya matumbawe kwa karne kadhaa yameacha ncha nyeupe zinazoning'inia darini kama mishumaa iliyoyeyuka kichwa chini. Benito Juárez, aliyekuja kuwa rais, alifungwa hapa kabla ya kupelekwa uhamishoni mwaka 1853, na katika utawala wa Porfirio Díaz gereza hili liliogopwa nchi nzima. Mwongozaji aliniacha humo peke yangu kwa dakika kadhaa bila kusema neno, na nadhani huko kunyamaza ndiko kulikomtofautisha na wenzake wengi. Tone lilianguka, likakaa, likaanguka jingine.

Bila shaka saa hizo mbili za ziada zilitoka mahali fulani. Tuliliacha jumba maarufu la mji la kutazamia samaki, tukaacha tramu ya kuzunguka katikati ya mji, na tukaacha pia La Antigua, kijiji kilicho kaskazini ambako mji wa Veracruz ulikaa kwa miaka mingi kabla ya kurudi ulipo, na ambako mizizi ya miti imezikumbatia kuta za nyumba inayosemekana kuwa ya Cortés. Hilo la mwisho liliniuma, na bado linaniuma. Baluarte de Santiago, buruji pekee lililosalia baada ya ukuta wa mji kubomolewa mwaka 1880, tulilipitia kwa robo saa tu, nikaona vipande vya dhahabu ya kale ambavyo mvuvi wa pweza aliviokota chini ya bahari mwaka 1976. Mwenye kupenda dhahabu atakaa zaidi.

Kahawa hatukuiruka. Katika mikahawa ya Veracruz unaletewa glasi ndefu yenye kahawa nzito chini kabisa, kisha unaigonga kwa kijiko, tin-tin-tin, na mhudumu mwenye birika la maziwa moto huja na kuyamimina kutoka juu hadi povu lifike ukingoni. Kwetu Mombasa muuza kahawa ndiye anayegonganisha vikombe ili mnywaji amsikie. Hapa mnywaji ndiye anayegonga. Niligonga mara tatu zaidi ya nilivyohitaji.

Kuhusu chakula cha mchana nitasema wazi, kwa sababu ndipo ziara nyingi za binafsi zinapochafuka. Mwongozaji alipendekeza mkahawa fulani huko Mandinga, kijiji cha wavuvi kando ya wangwa, na nikamwuliza bila kuzunguka kama anapata chochote kwa kunipeleka. Alicheka, akasema halipwi, ila anakula bure. Nililipenda jibu hilo kuliko kiapo. Tulikula arroz a la tumbada, wali wa majimaji wenye kamba, kaa na pweza, ulioletwa katika chungu cha udongo ukiwa bado unatokota, na ulikuwa mzuri. Jina la kijiji lenyewe ni jina la watu wa Afrika Magharibi. Njiani tulipita Mocambo, ufuo ambao hoteli zimeupanga mstari, na jina ambalo mara nyingi huhusishwa na Kimbundu cha Angola. Nilimwomba alitamke mara mbili, kwa raha tu ya kusikia “mb” ile ikikaa mdomoni mwa mtu wa Meksiko kana kwamba ni mali yake. Nayo ni mali yake.

Njiani kurudi alizungumzia Yanga. Ni mji ulio karibu kilomita 100 bara, uliopewa jina la kiongozi wa watumwa waliotoroka wakakaa milimani miaka mingi, wakashambuliwa na jeshi la Wahispania mwaka 1609, na hatimaye wakakubaliwa kuwa na mji wao huru uitwao San Lorenzo de los Negros. Vicente Guerrero, rais mwenye asili ya Afrika, alipiga marufuku utumwa nchini mwaka 1829, lakini katiba ya Meksiko haikuwatambua rasmi raia wa asili ya Afrika hadi mwaka 2019, na katika sensa ya mwaka 2020 zaidi ya watu milioni 2.5, yaani asilimia mbili ya wananchi wote, walijitaja kuwa miongoni mwao. Mwongozaji alisema naye alijitaja. Mkewe alimshangaa.

Wapo watakaosema kwamba mtu wa kukuongoza peke yako ni kizuizi kati yako na mji, na kwamba msafiri wa kweli hutembea mwenyewe akapotea. Nimepotea katika miji mingi na sikujifunza mengi zaidi ya majina ya vituo vya mabasi. Katika mji usioujua lugha yake, ukuta wenye pete ni ukuta wenye pete tu. Ninachokubali ni kwamba bei inawaweka nje watu wengi, na kwa hao ningesema wajikusanye wanne, wamchukue mtu mmoja kwa nusu siku, wamtake awaonyeshe ngome tu.

Saa kumi na mbili alinishusha mbele ya hoteli. Nilimpa bahshishi ya asilimia kumi na tano, akaihesabu mbele yangu bila haya, kisha akachukua karatasi ya ratiba aliyokuja nayo asubuhi, akaigeuza, na upande wa nyuma akaandika kwa kalamu ya wino siku, saa kumi na mbili alfajiri, na neno moja: Yanga. Nikamwuliza vituo vingine ni vipi. Akaniambia hakuna.